Mwanamume Mmoja, Mwanamke Mmoja

Agosti 2016, katika bwawa la Olimpiki jijini Rio de Janeiro, ziliogelea timu tatu ndogo ambazo mtu wa Kasulu au Kibondo alikuwa na haki ya kuzifuatilia kama za nyumbani. Ya kwanza ilikuwa ya Tanzania: Hilal Hemed Hilal na Magdalena Moshi. Ya pili ilikuwa ya Burundi, nchi ambayo Waha wa mpakani huisikia lugha yake na kuielewa bila mkalimani. Ya tatu haikuwa na nchi. Rami Anis na Yusra Mardini, Wasyria wawili, waliogelea chini ya bendera ya Olimpiki wakiwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya michezo hiyo. Bwawani kila moja ya timu hizo ilikuwa na watu wawili tu: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja.

Michujo ilianza mchana wa Rio, ambao Afrika Mashariki ni saa moja usiku. Marekani ilikuwa na waogeleaji zaidi ya 40. Kwa timu za watu wawili, Olimpiki nzima ya kuogelea iliweza kuanza na kwisha katika muda usiofika dakika moja kwa kila mtu, kisha kamera zikahamia kwa wengine. Ndiyo maana simulizi lao halianzii Rio. Linaanzia mwaka mmoja nyuma, na kwa msomaji wa Kigoma mahali pazuri pa kuanzia ni Kagunga.

Kagunga ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Mwishoni mwa Aprili 2015, chama tawala cha Burundi kilipomteua Rais Pierre Nkurunziza agombee muhula wa tatu, Bujumbura iliwaka maandamano na watu wakaanza kukimbia. Kufikia katikati ya Mei, makumi ya maelfu walikuwa wamejazana kwenye ufuko wa Kagunga, wengi wakilala juu ya mchanga. Kipindupindu kikaingia na kuua zaidi ya watu 30. Njia kubwa ya kutoka ilikuwa ziwa. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikageuzwa kuwa daraja: ilitia nanga mbali kidogo na ufuko, kwa kuwa hapakuwa na gati, na watu wakapelekwa kwake kwa boti, mamia kwa safari moja, wazee na watoto wachanga wakipandishwa kwa mikono. Mjini Kigoma walipumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakapanda nao milimani hadi Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Nyarugusu ilikuwa na wenyeji wake tayari. Ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa wakikimbia vita vya Kivu Kusini, wengi wao watu wa Fizi na Uvira waliozaliwa wakiwaona baba zao wakivua. Warundi walipoongezeka, kambi ikapita watu 150,000 na kuwa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Oktoba 2015 serikali na Umoja wa Mataifa wakaifungua tena Nduta, wilayani Kibondo, na Januari 2016 ikafuata Mtendeli, upande wa Kakonko. Hayakuwa mageni kwa watu wa huku. Kibondo na Kasulu zilikuwa zimepokea Warundi baada ya mauaji ya 1972, zikawapokea tena baada ya 1993, na mashamba ya mpakani yana familia zenye ndugu pande zote mbili.

Mwaka huohuo wa Kagunga, dunia ya kuogelea ilikuwa na shughuli zake. Mashindano ya dunia yalifanyika Kazan, nchini Urusi, na bwawa la muda likajengwa ndani ya uwanja wa mpira. Mbio za bwawani zilimalizika Agosti 9. Siku tatu baadaye, Agosti 12, 2015, msichana wa miaka 17 aliyewahi kuiwakilisha Syria kwenye mashindano ya dunia ya bwawa fupi mjini Istanbul mwaka 2012 aliondoka Damascus pamoja na dada yake. Nyumba yao ya Daraya ilikuwa imeharibiwa vitani, na bwawa alimokuwa akifanyia mazoezi lilikuwa limetobolewa paa kwa mabomu. Baba yake, kocha wa kuogelea, ndiye aliyewafundisha wote wawili.

Kazan ina uzito katika simulizi hili kwa sababu ya kanuni. Ili kwenda Rio kwa kasi yako, mwanamume wa mita 50 mtindo huru alitakiwa awe amezimaliza kwa sekunde 22.27, na mwanamke kwa sekunde 25.28. Nchi nyingi za Afrika hazikuwa na mtu wa kufikia huko. Kwa nchi hizo shirikisho la dunia liliacha mlango mmoja: nchi isiyo na mwogeleaji aliyefuzu iliruhusiwa kupeleka mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kwa sharti kwamba wawe wameshiriki mashindano ya dunia ya Kazan. Kwa hiyo nafasi mbili za Rio hazikutolewa bure kama watu wanavyodhani. Zililipiwa kwa nauli ya Urusi, kwa viza, kwa mazoezi ya mwaka mzima, na kwa ujasiri wa kusimama kwenye jukwaa la kurukia kando ya watu ambao wakati wao unakushinda kwa sekunde kadhaa.

Tanzania imepita kwenye mlango huo mara kadhaa. Beijing mwaka 2008 alikuwapo Khalid Yahya Rushaka. London mwaka 2012 walikwenda Ammaar Ghadiyali na Magdalena Moshi, na miaka minne baadaye Magdalena akarudi kwenye Olimpiki, mjini Rio, safari hii akiwa na Hilal. Wote wawili waliogelea mita 50 mtindo huru, Hilal Agosti 11, Magdalena Agosti 12, na wote wakaishia hatua ya mchujo. Msafara mzima wa Tanzania ulikuwa wa wanamichezo saba: wakimbiaji wa marathoni wanne, mcheza judo mmoja, na wao wawili. Siku ya mwisho Alphonce Simbu alimaliza wa tano katika marathoni kwa saa 2:11:15, na nchi ikawa na la kuzungumza. Waogeleaji walirudi bila kelele.

Mita 50 ni urefu wa bwawa mara moja. Anayefanya mazoezi katika bwawa la mita 25, kama yalivyo mengi ya shule binafsi na klabu za Dar es Salaam wanamokulia waogeleaji wetu, huzoea kugusa ukuta katikati ya safari, kujikunja na kujisukuma kwa miguu. Ukuta humpa kasi mpya na nukta ya kupumzika kwa mikono. Katika bwawa la Olimpiki ukuta huo haupo. Unapofika mita ya 30 mikono inakuwa mizito, pumzi inadai, na mbele bado kuna maji matupu. Mwili ambao haukuzoezwa hali hiyo hauwezi kuigundua siku ya mashindano na kuimudu.

Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliyajua hayo mbele ya macho ya dunia nzima. Septemba 19, 2000, mjini Sydney, alipangwa katika mchujo wa mita 100 mtindo huru pamoja na watu wengine wawili, Karim Bare wa Niger na Farkhod Oripov wa Tajikistan. Wote wawili waliruka kabla ya ishara wakatolewa. Moussambani akabaki peke yake katika bwawa la urefu ambao hakuwahi kuuona kabla ya kufika Australia. Nyumbani alifanya mazoezi katika bwawa dogo la hoteli mjini Malabo, na wavuvi wakamwonyesha namna ya kupiga maji baharini. Mita 50 za kwanza alizimudu. Za pili nusura zimzamishe. Alimaliza kwa dakika 1:52.72, zaidi ya mara mbili ya muda wa bingwa, huku uwanja mzima ukimshangilia afike.

Magazeti ya Ulaya yalimpa jina la mzaha na picha zake zikazunguka dunia. Wachache waliuliza kwa nini nchi yake haikuwa na bwawa la urefu huo. Moussambani mwenyewe hakuishia pale: aliendelea kuogelea, akaupunguza muda wake hata kufikia chini ya sekunde 60, na baadaye akawa kocha wa timu ya taifa. Anayetaka kumheshimu amkumbuke kwa hilo, maana kushuka kutoka sekunde 112 hadi chini ya 60 ni kazi ambayo mabingwa wengi hawajawahi kutakiwa kuifanya.

Turudi kwa msichana wa Damascus. Yusra Mardini na dada yake Sara walifika Uturuki, wakapanda boti la mpira lililotengenezwa kwa watu sita au saba. Ndani walikuwa wapatao 20. Muda mfupi baada ya kuondoka ufukoni kuelekea kisiwa cha Lesbos, injini ilizimika na maji yakaanza kuingia. Wengi wa abiria hawakujua kuogelea. Yusra, Sara na wengine wawili wakaingia baharini, wakashika kamba za boti na kupiga miguu ili lisigeuzwe ubavu na mawimbi. Walikaa majini zaidi ya saa tatu, na wote waliokuwamo walifika nchi kavu wakiwa hai.

Mtu aliyeshuhudia Kagunga Mei ile hahitaji kuelezwa zaidi. Pale ziwani pia kulikuwa na boti zilizojaa kupita kiasi na mama waliowafunga watoto mgongoni bila mmoja wao kujua kuogelea. Tofauti ya Yusra ilikuwa moja: alifundishwa tangu utotoni, katika bwawa, na mtu anayejua kufundisha.

Alifika Berlin, akapata hifadhi, na klabu ya Wasserfreunde Spandau 04 ikampokea. Kocha Sven Spannekrebs akaanza kumrudisha kwenye kasi yake. Rami Anis, mzaliwa wa Aleppo, alikuwa ametangulia kukimbia. Mwaka 2011 alikwenda Istanbul, akafanya mazoezi na klabu ya Galatasaray, lakini kwa kuwa hakuwa raia hakuruhusiwa kushindana. Miaka ikapita mwogeleaji akiwa katika ubora wake bila shindano. Mwishoni mwa 2015 naye akavuka kwa boti hadi Ugiriki na kuishia Ghent, Ubelgiji, ambako kocha Carine Verbauwen, aliyewahi kuogelea Olimpiki, alimchukua.

Oktoba 2015 rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Thomas Bach, alitangaza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba wakimbizi watakuwa na timu yao Rio. Yalikusanywa majina 43, na Juni 3, 2016 yakatangazwa kumi. Kiongozi wa msafara alikuwa Mkenya, Tegla Loroupe, bingwa wa zamani wa marathoni. Watano kati ya kumi walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, nchini Kenya, na kufanya mazoezi Ngong chini ya taasisi ya Loroupe. Wawili walikuwa Wakongo wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wenye asili ya Kivu Kusini, mkoa uleule walikotoka wengi wa Wakongo wa Nyarugusu. Mmoja alikuwa mkimbiaji wa marathoni kutoka Ethiopia. Waogeleaji walikuwa Wasyria wawili.

Orodha hiyo inasema mengi kuliko hotuba zilizoisindikiza. Kambi ya Afrika ilitoa wakimbiaji kwa sababu ardhi ya kukimbilia haikodishwi. Rose Lokonyen, aliyebeba bendera ya timu usiku wa ufunguzi katika uwanja wa Maracanã, aligundulika kwa mbio za kambini. Hata Francine Niyonsaba, aliyeipa Burundi medali ya fedha ya mita 800 katika Olimpiki hiyohiyo, ni mzaliwa wa Ruyigi, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Kibondo, na vilima vya huko ni vilevile vinavyoendelea mpaka huku. Mwogeleaji hazaliwi hivyo. Anahitaji maji safi yanayopimwa dawa, kina kinachojulikana, mistari ya njia sakafuni, saa ya ukutani, na mtu wa kumsahihisha mkono kila siku kwa miaka. Wasyria waliogelea Rio kwa sababu kabla ya vita walikuwa na hayo yote. Mtoto wa Nyarugusu au Nduta, hata awe na mapafu ya ajabu, hakuwa na mahali pa kuonekana.

Agosti 6, 2016, siku ya kwanza ya mbio za bwawani, Yusra alisimama katika mchujo wa kwanza wa mita 100 mtindo wa kipepeo. Walikuwa watano. Alishinda mchujo huo kwa dakika 1:09.21, na katika jumla ya washiriki akawa wa 41, mbali na nusu fainali. Siku iliyofuata Sarah Sjöström wa Sweden alitwaa dhahabu ya mbio hizohizo kwa sekunde 55.48, rekodi ya dunia. Rami aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 54.25 na kumaliza wa 56. Aliposhika ukuta, watu waliinuka kwenye viti. Kwa mwogeleaji aliyefungiwa shindano miaka yote ya Istanbul, sekunde 54 hizo zilikuwa ushahidi wa kilichokuwa kimepotea.

Maji si kitu adimu Kasulu na Kibondo. Mto Malagarasi unazunguka Buha yote, ukichora sehemu ya mpaka na Burundi, kupita upande wa Kibondo, kuzama katika ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, na kutokea tena kuelekea Uvinza na ziwani. Ardhi oevu hiyo ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Ni maji ya samaki, ya ndege, na pia ya mamba, viboko na kichocho. Mzazi mwenye akili humkataza mtoto asiyachezee. Anayejifunza kuogelea huko hujifunza kwa siri, katika kidimbwi au kwenye kona ya mto, na hujifunza ya kutosha kuvuka tu, kichwa kikiwa juu. Mjini Kigoma zipo hoteli zenye bwawa la wageni. Bwawa la mashindano la mita 50 halipo mkoani, na Dar es Salaam iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli.

Hapo ndipo suala la timu ya taifa linapogusana na suala la uhai. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Desemba 2024 ilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu nusu yao hawakuwa wamefikisha miaka 30. Tanzania haina haja ya kuambiwa na Geneva. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 na kuua mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 karibu kabisa na gati ya Ukara, ufuko ukionekana, na zaidi ya watu 220 wakafa. Nchi yenye maziwa makuu matatu na pwani ndefu inaweka kuogelea pembeni kana kwamba ni starehe ya wenye uwezo, na timu ya watu wawili inayokwenda Olimpiki ni picha kamili ya uamuzi huo.

Afrika imeshaonyesha kinachotokea mtoto akifunzwa. Jason Dunford, aliyezaliwa Nairobi, aliweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 kipepeo katika mchujo wa Beijing mwaka 2008, sekunde 51.14, kabla Milorad Čavić wa Serbia hajaivunja katika mchujo huohuo, na akamaliza wa tano katika fainali. Miaka miwili baadaye alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi katika mita 50 kipepeo. Kirsty Coventry wa Zimbabwe alikusanya medali saba za Olimpiki kati ya Athens 2004 na Beijing 2008, mbili zikiwa dhahabu, na Juni 2025 akaingia ofisini kama rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza katika kiti hicho. Wote wawili walipata mabwawa mazuri tangu utotoni na vyuo vya Marekani baadaye. Kipaji walikuwa nacho, lakini kipaji kilikutana na maji yaliyoandaliwa.

Kanuni ya nafasi mbili inastahili kutetewa. Bila hiyo, Burundi isingempeleka Elsie Uwamahoro Beijing mwaka 2008, na watoto wa Bujumbura wasingejua kwamba jambo hilo linawezekana. Lakini mlango wa kuingilia umegeuka dari. Baada ya Rio, Tanzania ilikwenda Tokyo na wakimbiaji wa marathoni watatu, bila mwogeleaji hata mmoja. Paris mwaka 2024 wakarudi wawili, Collins Saliboko katika mita 100 mtindo huru na Sophia Latiff katika mita 50. Tangu London hesabu imekuwa mbili, mbili, sifuri, mbili, na hakuna aliyevuka mchujo. Timu ya wakimbizi iliyoanza na watu kumi Rio ilifika Paris ikiwa na 37.

Los Angeles mwaka 2028 kutakuwa na mbio mpya. Aprili 2025 iliamuliwa kwamba mita 50 za mgongo, chura na kipepeo ziingie Olimpiki, pembeni ya mita 50 za mtindo huru zilizokuwapo. Mbio fupi hazidai kilomita nyingi za bwawani kila siku kama zile ndefu, na ni hizo ambazo timu ndogo zimekuwa zikizikimbilia. Mtoto wa Kibondo aliyezaliwa mwaka Nduta ilipofunguliwa tena atatimiza miaka 13 mwaka huo, umri ambao Yusra alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kuiwakilisha nchi yake Istanbul.